Photoshop ya buku tano: mimi napinga

Wadau, niko hapa chuoni, katikati kabisa ya Ilala yetu yenye joto, honi na wamachinga. UE zimekwisha, matokeo bado, bumu ndiyo hivyo tena limebaki la kuhesabu kwa vidole. Kwa walioniulizia kimya changu, sikuwa nimeumwa, nilikuwa na vitabu tu. Leo sina umbea wa hosteli wala habari za kantini. Leo naongea na wale wenzangu wenye ugonjwa kama wangu, ugonjwa wa kupiga picha.

Tuko wengi jamani. Kila darasa lina mpiga picha wake. Wengine tuna simu tu, wengine wamejichangachanga mpaka wamepata Nikon au Canon ya mtumba. Hatuna studio, hatuna kadi ya biashara, hakuna anayetulipa. Tunapiga machweo pale Kivukoni, tunapiga mapilikapilika ya Mtaa wa Kongo siku za kuelekea Idi, tunapiga mahafali ya kaka na dada zetu. Wazazi wetu walikuwa wanapeleka filamu studio "ikasafishwe", halafu wanasubiri. Sisi tunasafisha wenyewe kwenye kompyuta au simu. Ndiyo maana kila anayeanza anauliza swali lile lile: nisafishie kwa programu gani?

Jibu la mtaani mnalijua. "Nenda Kariakoo kwa fundi, akuwekee Photoshop, buku tano tu." Ukibembeleza anakuongezea na Lightroom, na Word, na antivairasi ambayo nayo ni ya kuchakachua. Nusu saa umemaliza, unarudi hosteli umejaa furaha.

Mimi jibu hilo nalipinga. Silipingi kwa sababu ni mlokole wa hakimiliki au kwa sababu nina hela, maana hela sina. Nalipinga kwa sababu kwa mtu anayepiga picha kwa kupenda tu, ile buku tano ni bei ghali kuliko zote sokoni. Nipeni nafasi nieleze.

Tuanze na hesabu, maana lazima tukubali kwanza kwamba ile njia ya halali ya Photoshop si ya saizi yetu. Zamani ulikuwa unanunua Photoshop mara moja, boksi ni lako. Mwaka 2013 Adobe wakatangaza kwamba biashara hiyo basi, toleo la CS6 la mwaka 2012 ndilo la mwisho kuuzwa hivyo, kuanzia hapo ni kulipia kila mwezi. Kwa miaka mingi kifurushi cha wapiga picha kilikuwa dola 9.99 kwa mwezi. Januari 2025 kile kidogo kikafungwa kwa wateja wapya, mlango uliobaki ukawa ni kifurushi cha dola 19.99. Tuseme dola moja ni shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Hiyo ni kama shilingi 50,000 kwa mwezi, 600,000 kwa mwaka.

Sasa linganisheni na bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo Photoshop ya halali inakula siku tano za chakula chako kila mwezi, na ukiacha kulipa inafungwa. Au tulinganishe na vifaa. Ile lenzi ndogo ya Canon ya milimita 50, ambayo karibu kila anayeanza anaitamani, ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa kama dola 125 hivi huko Marekani. Ada ya mwaka mmoja ya Adobe ingekununulia lenzi ya namna hiyo na chenji ikabaki. Kuna ndugu yake mdogo anaitwa Photoshop Elements, yeye ni dola 100 hivi, ila tangu toleo la 2025 leseni yake ni ya miaka 3 tu halafu inakwisha. Ni nafuu, lakini kwa mwanachuo bado ni mlima.

Kwa hiyo anayekwenda kwa fundi simwoni mjinga. Amepiga hesabu kama mimi, akaona 5,000 dhidi ya 600,000. Tatizo ni kwamba hesabu yake ina mstari mmoja uliokosekana.

Mstari wenyewe ni huu. Programu iliyochakachuliwa haiji peke yake. Ili ikubali kukaa bila leseni, lazima mtu fulani usiyemjua, wa nchi usiyoijua, awe ameifungua na kuingiza mkono wake ndani. Halafu maelekezo yake ya kwanza kila mara ni yale yale: zima antivairasi, zima ulinzi wa Windows, ruhusu kila kitu. Fikirieni mtu anakuja kukufungia kitasa nyumbani halafu anakuambia mlinzi aende kwanza akanywe chai. Nyie mngekubali?

Kuna kirusi kinaitwa STOP, wengine wanakiita Djvu. Hiki kimejulikana dunia nzima kwa kusafiri ndani ya programu za kuchakachua na vile vijiprogramu vya kutengenezea namba za leseni. Kikishaingia hakikusumbui kwa matangazo. Kinafunga faili zako moja baada ya nyingine: picha, video, ripoti ya mafunzo kwa vitendo, kila kitu. Kila jina la faili linaota mkia wa herufi za ajabu, na unaachiwa barua kwamba ulipe dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 utapunguziwa mpaka 490. Hata hiyo nusu bei ni zaidi ya shilingi milioni moja na laki mbili. Mwaka 2019 kampuni moja ya usalama wa kompyuta, Emsisoft, ilitoa dawa ya bure iliyofungua aina nyingi za zamani za kirusi hicho. Lakini faili nyingi zilizofungwa na aina zilizokuja baada ya hapo hazifunguki mpaka leo, kwa sababu ufunguo wa kila mwathirika anao mwenye kirusi peke yake.

Jamaa mmoja wa kozi yetu, jina kapuni, yalimkuta haya. Simu yake ilikuwa imejaa, akahamishia picha zote kwenye laptopu, kwenye simu akafuta. Ndani yake zilikuwamo picha za bibi yake mzaa mama, aliyemlea, alizompiga likizo ya mwisho kabla bibi hajafariki. Picha kama arobaini hivi. Bibi anachambua mboga, bibi anacheka, bibi amekaa kwenye mkeka na mjukuu mdogo. Programu aliyowekewa ilifanya kazi vizuri tu siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu asubuhi picha zote zikawa na mkia. Tumehangaika naye wiki nzima, tumejaribu kila dawa, hakuna iliyorudi hata moja. Alichoniambia sikisahau: hajutii laptopu, laptopu unaifuta unaanza upya. Sasa niambieni, ile Photoshop ilikuwa ya buku tano kweli?

Najua kuna watakaosema "mbona mimi natumia mwaka wa nne na sijapata kitu?" Sawa, hongera. Hata anayevuka Msimbazi bila kuangalia kuna siku nyingi anafika ng'ambo salama. Na sisi tunaopenda picha ndio tuna cha kupoteza zaidi ya wengine. Mwanafunzi mwenye notisi akipotelewa ataazima kwa mwenzake akatoe kopi. Picha ya bibi utaazima kwa nani?

Jambo la pili ni la aibu kidogo, lakini tulisemeni. Wapiga picha wa Bongo, wakubwa kwa wadogo, tunalalamika sana kuibiwa picha. Umepiga picha nzuri ya daraja au ya mechi ya watani wa jadi, kesho unaikuta kwenye bango la mtu au kwenye ukurasa wenye wafuasi lukuki, jina lako limekatwa. Tunapiga kelele: hakimiliki! COSOTA wako wapi! Ni kweli kabisa, picha ni mali ya mpigaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda. Ila sheria hiyo hiyo, tena kifungu kile kile kinachotaja picha, inataja pia programu za kompyuta. Huwezi kuishika kwa mkono wa kulia unapodai chako na kuikanyaga kwa mguu wa kushoto unapochukua cha mwenzio. Nyie mnaota siku moja kuuza picha zenu, sasa mtamwambia nini mteja akiwauliza hiyo picha mmeisafisha kwa nini?

Haya, kupinga tu bila kutoa njia ni siasa za kijiweni. Tuje kwenye tutumie nini, na nitaongea kufuatana na ulichonacho mkononi, maana ndicho kinachoamua.

Kama una simu tu, chukua Snapseed. Ilikuwa ya kampuni inaitwa Nik Software, Google wakainunua mwaka 2012, ni ya bure na haina matangazo. Ukishaipakua inafanya kazi hata bando likiwa limekata. Ina kukata picha, kunyoosha upeo uliopinda, kufuta waya wa umeme uliopita juu ya kichwa cha mtu, na kile kitu ninachokipenda mimi: unagusa sehemu moja tu ya picha, tuseme uso, unaiongezea mwanga bila kuunguza anga. Ukweli ni kwamba robo tatu ya picha tunazoweka mtandaoni hazihitaji zaidi ya hapo. Wengi wanaokimbilia Photoshop wanaitumia kukata, kuongeza mwanga na kuandika jina pembeni. Huko ni kukodi fuso ili ubebe kilo mbili za nyanya.

Kama unatumia kompyuta za maabara ya chuo au za maktaba, ambako huruhusiwi kuweka programu yoyote, fungua Photopea kwenye kivinjari. Imetengenezwa na kijana mmoja, Ivan Kutskir, ipo tangu 2013, na inafanana sana na Photoshop kwa sura, menyu hata njia za mkato. Inafungua mpaka faili za PSD ambazo mwenzako amekutumia. Unalipa kwa kuvumilia matangazo pembeni. Na kwa wanaoogopa kwamba picha zao zinapelekwa Ulaya, hapana, kazi inafanyika humo humo kwenye kompyuta unayoitumia.

Kama una laptopu ya Windows ya kizee, ile RAM ya kuhesabu, jaribu Paint.NET. Ni nyepesi, ya bure, ina matabaka na marekebisho ya msingi. Kama mashine yako ina pumzi kidogo na unataka kitu kizito, weka GIMP. Hii ndiyo ninayotumia mimi. Nitasema ukweli, mwanzoni inakera. Vitufe haviko pale ulipozoea, na kwa miaka mingi kila rekebisho ulilofanya lilikuwa la moja kwa moja, ukitaka kubadili mawazo kesho yake imekula kwako. Lakini toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025 na hapo mambo yamebadilika, unaweza kuweka filta juu ya picha na kuirudia baadaye bila kuharibu picha ya asili. Faili la kupakua ni kubwa, kwa hiyo msiunguze bando lenu, subirini waifai ya chuo usiku watu wakiwa wamelala. Na mchukue kwenye tovuti yao wenyewe tu, gimp.org. Msichukue kwenye vitovuti vya kando, mtarudi kule kule kwenye mikia.

Kama una kamera inayotoa faili za RAW, yaani zile NEF za Nikon au CR2 za Canon, tafuta darktable au RawTherapee. RAW ni kama filamu ambayo haijasafishwa, mwanga wote uliodakwa na kamera bado umo ndani, kwa hiyo picha iliyotoka giza unaweza kuiokoa kwa namna ambayo JPEG haitakubali. darktable ilianza mwaka 2009, ni ya bure, inakaa kwenye Windows, Mac na Linux. Inataka kompyuta yenye nguvu na inataka uvumilivu, usitegemee kuielewa jioni moja.

Halafu kuna Affinity, na hii ndiyo habari kubwa ya miaka ya karibuni. Ilikuwa programu ya kulipia ya Waingereza wanaoitwa Serif, ya kununua mara moja, na mafundi wengi wa picha duniani waliikimbilia walipochoka na kodi ya mwezi ya Adobe. Machi 2024 Canva wakawanunua. Oktoba 2025 wakaitoa upya ikiwa bure, unachohitaji ni akaunti ya Canva. Inakaa kwenye Windows na Mac. Vikorombwezo vya akili bandia ndivyo vya kulipia. Kwa mtu aliyetamani Photoshop hasa, hii ndiyo ya kukaribiana nayo bila kutoa hata senti.

Lakini hapa nisimameni kidogo, kwa sababu bure na bure hazifanani. Kuna bure ya hisani na bure ya haki. Mnaikumbuka Picasa? Wakubwa wetu waliotutangulia chuoni walikuwa hawaambiwi kitu kuhusu Picasa. Google waliinunua mwaka 2004, wakaigawa bure, watu wakapanga humo albamu za miaka na miaka. Mwaka 2016 Google wakaamua basi. Hakuna aliyeweza kuwazuia, kwa sababu mwenye mali ni wao. Snapseed ni bure ya aina hiyo, Affinity ni bure ya aina hiyo. Leo wameamua kugawa, kesho wanaweza kuamua kuuza, hatuwezi kulaumu, tulikuwa wageni.

GIMP na darktable ni kitu kingine. Leseni yake inasema kila mtu ana haki ya kuitumia, kuinakili, kuifungua ndani, kuibadilisha na kuigawa. Wakiichoka waliopo, wengine wanaweza kuiendeleza. Hakuna bosi wa kuamka asubuhi akakufungia. Ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba tumieni vya hisani mkivipenda, sina ugomvi, ila kila mmoja ajifunze angalau kimoja cha haki, na faili zenu za asili zihifadhiwe katika muundo wa kawaida unaofunguka popote. Waswahili wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ya kuiba ndiyo kabisa.

Nimebishana na watu juu ya hili pale kijiweni, na hoja zao si za kitoto, kwa hiyo nizijibu.

Hoja ya kwanza: "Ajira wanataka Photoshop." Kweli, kama ndoto yako ni kampuni ya matangazo, hiyo ndiyo lugha ya ofisini kwao. Basi jifunze Photoshop kama kazi, kwa njia ya halali, kwenye maabara yenye leseni au kwa zile siku 7 za majaribio wanazotoa Adobe wenyewe. Ila mimi nimesema tangu mwanzo naongea na wa hobi. Tena ujuzi wenyewe haukai kwenye programu. Tabaka ni tabaka, barakoa ni barakoa, ule mstari wa kupindisha mwanga ni ule ule kila mahali. Aliyejua kuendesha gari Ilala hashindwi kuendesha Kinondoni.

Hoja ya pili: "Adobe ni matajiri, hawatapungukiwa." Wala mimi siwaonei huruma Adobe. Nawaambieni tu kwamba kwa kuwachakachua mnawasaidia. Kila mtu akiwa na Photoshop ya wizi, basi kila video ya Kiswahili ya kufundishia itakuwa ya Photoshop, kila fundi atajua Photoshop tu, na yule mdogo wako akija chuoni hatasikia jina lingine. Vile vya haki vinakosa watumiaji, vinakosa walimu, vinabaki vya watu wachache wenye miwani. Wizi wetu haujamshusha mkubwa kwenye kiti, umezidi kumkalisha.

Hoja ya tatu, na hii aliitoa fundi mwenyewe, mtu mzima wa heshima zake pale karibu na Aggrey. Nilimwamkia, "Shikamoo kaka." Tukapiga stori, nikamweleza haya yote. Akanisikiliza, akaniambia, "Mdogo wangu, unayosema yana maana, lakini watoto wangu watakula nini?" Hilo ni swali la kweli kuliko mengine yote. Na jibu lake ndilo lililonifanya niandike leo. Leseni ya GIMP na ya darktable haimkatazi mtu kutoza hela kwa kazi ya kuweka, kunakili na kufundisha. Fundi anaweza kutoza buku tano ile ile. Anabeba fleshi yenye programu safi kutoka kwa wenyewe, anakuwekea, anakuonyesha pa kuanzia, hazimi antivairasi yako, na mteja harudi kesho analia. Anachouza ni bando uliloliokoa na ujuzi wake. Hiyo ni biashara kamili, tena ya kuweka bango barabarani bila kumwogopa mtu.

Kabla sijamaliza, kuna neno moja la namna ya kusafisha, maana programu nzuri mikononi mwa tabia mbaya haisaidii. Tuache kuwapausha watu. Unaona pasipoti saizi au picha ya harusi, dada alikuwa mweusi amependeza, ametoka kama amepakwa unga. Kuna historia hapo. Kwa miongo mingi maabara za picha huko ng'ambo zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye sura ya mwanamke wa kizungu, kwa hiyo filamu na mashine zilipangwa kuipendezesha ngozi yake kwanza. Sisi leo hatuna kisingizio cha filamu. Jua la saa saba mchana Kariakoo linatia kivuli machoni na linachoma anga, tatizo ni hilo, haliko kwenye ngozi. Inua mwanga wa katikati kidogo, acha weusi wa kweli ubaki weusi, punguza anga, basi. Snapseed inaweza, GIMP inaweza. Mtu ajione mwenyewe kwenye picha.

La mwisho kabisa ni kwa sisi wanachuo. Photoshop ilianzishwa mwaka 1987 na Thomas Knoll, wakati huo mwanafunzi wa udaktari Chuo Kikuu cha Michigan, akisaidiana na mdogo wake John. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Paint.NET ilianza mwaka 2004 kama mradi wa wanafunzi wa Washington State University. Zote tatu zimetoka hosteli na maabara za chuo, kwa watu wa umri wetu waliokuwa na mitihani kama yetu.

Na msiseme huko ni kwao. Mwaka huo huo 2004, hapa hapa Dar es Salaam, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Waliweza kwa sababu programu ile ilikuwa huru, mtu aliruhusiwa kuifungua ndani na kuandika maneno yake. Ya kuchakachua huwezi kuifanya hivyo, utaificha tu na kuomba Mungu isikugeuke. Naona kazi ya kufanya likizo hii kwa vijana wa kompyuta na wa lugha, tukae, tuone maneno ya kusafishia picha tunayaitaje kwa Kiswahili, tuandike mwongozo wa kurasa chache ambao mtoto wa sekondari pale Buguruni ataufuata mwenyewe kwenye simu ya mama yake.

Mpaka hapo, wenye picha ambazo haziwezi kupigwa tena, leo hii usiku tafuteni fleshi au diski ya pembeni, mnakili, muichomoe, muiweke kabatini. Hiyo haitaki programu yoyote.

Naomba kutoa hoja.